Jina Langu Kwenye Simu Yake

Kwanza nilisikia mnong'ono, kisha kimya. Ulitoka jikoni, ukakatika pale ubao wa sakafu ulipolia chini ya mguu wangu. Nilipoingia, binamu yangu alikuwa kando ya sinki, simu kaishikilia kifuani, akitazama nje kana kwamba ukuta wa jirani hapa Wembley una cha kutazamwa.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na watu."

Siku ile kila jibu lilininukia. Asubuhi dalali wa huko Harrow alikuwa amenigomea nyumba ya kupanga niliyoitamani: chumba kimoja, na dirisha linalokaa na jua hadi jioni, mahali pa kwanza ambapo ningeandika bila kusikia televisheni ya mtu. Rekodi yako ya mikopo ina doa, alisema. Lete mdhamini kabla hatujafunga leo, au nimpe mwingine. Doa gani, mimi ninayelipa kabla ya kudaiwa?

Nikaketi mezani, nikaanza kuitafuta kwenye simu ripoti yangu ya mikopo, ile inayoorodhesha kila bili na jinsi ilivyolipwa.

"Usiifungue," akasema binamu, haraka mno. "Nasikia ukijichungulia unajiharibia."

"Nani kakudanganya? Kuitazama ya kwako ni bure, na haiharibu kitu."

Nikashuka nayo polepole. Benki, kijani. Umeme, kijani. Kisha simu ya mkataba, ya kulipiwa kila mwezi: miezi mitatu mfululizo, nyekundu. Ni ile ile aliyoikumbatia. Alipofika kutoka Mombasa hakuna duka lililokubali kumpa mkataba, kwa kuwa nchi hii haikumjua. Nikatoa jina langu, kama watu wetu tunavyoazimana majina huku, na barua pepe nikaandika yake, ili nisisumbuliwe.

"Miezi mitatu!"

"Zamani hiyo, waliponipunguzia zamu kule kwenye makao ya wazee. Baadaye nililipa yote, wallahi, hata senti haikubaki." Alinitazama kama aliyeonewa. "Kwetu ukimlipa mwenye duka anapiga mstari, yamekwisha. Hawa wanataka nini tena?"

"Hawa hawapigi mstari. Deni limekwisha, lakini kuchelewa kwako kutakaa hapa miaka sita, kwa jina langu."

Akavuta kiti. "Nilikuwa nikiongea nao hao wa simu. Nawaomba wafute. Wamekataa, wanasema ni kweli nilichelewa."

Huenda. Lakini zile barua pepe za onyo, alizisoma huku akinipitishia sukari mezani?

"Basi nitakudhamini mimi," akasema. "Kazi ninayo sasa, na rekodi yangu nimeitazama, safi kabisa."

"Kumbe umejichungulia na hukuharibika?"

Akailaza simu mezani, kioo chini.

"Lazima iwe safi," nikasema. "Uchafu wako umeuweka kwangu."

"Wee! Maneno hayo kaandikie vitabu." Alicheka, akaona sicheki, akaacha. "Twende kwa dalali, dadangu. Bado hawajafunga."

Nililiona lile dirisha, na jua likitambaa juu ya meza ambayo sijainunua. Nikaliona pia jina langu likifungwa tena na lake, na mimi nikitega sikio kila anaponong'ona.

"Siendi."

"Utaikosa nyumba kwa kiburi."

"Nitaikosa."

Alivaa koti lake la kazini, akatafuta kitambulisho cha zamu mifukoni, akakipata. Mlangoni alisimama kidogo, labda akingoja nimwite. Sikumwita. Akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.