Mti wa Nyuma

Kila asubuhi kabla ya chai, Umau huchukua nyundo yake ya mbao akaenda nyuma ya nyumba kuugonga ule mjakaranda. Hugonga mara tatu, husikiliza, halafu hugonga chini zaidi. Juu mti unalia vizuri. Chini unatoa sauti ya debe tupu. Akirudi ndani anaangalia kwanza kitanda cha Susu.

Umau ni babu yangu, Kyule. Susu ni mke wake, Syombua, ambaye hajasimama tangu alipopooza upande wa kulia mwaka juzi. Chumba chake kiko nyuma, na mti umeliinamia dirisha lake. Tangu mvua ya Aprili umeinama zaidi. Pale shinani ardhi imepasuka, mkono wangu unaingia mpaka kiwiko.

Mtu mwingine hapa mtaani Tena angeshaukata. Umau hawezi. Alichonga twiga na vifaru miaka arobaini katika banda moja sokoni Gikomba, lakini kabla sijazaliwa alishikwa na magogo sita ya muhugu yasiyo na kibali, akalala seli siku tisa. Hata sasa akiona gari la kanjo, wale askari wa jiji, anaingia dukani na kuuliza bei ya kitu asichokitaka.

Kwa hiyo alienda ofisi ya kaunti kuomba kibali cha kuukata. Afisa akaja, akatazama majani juu, akasema, "Mbona una afya, mzee?" Akapiga picha, akaenda. Umau alitaka kumwambia habari ya ile sauti, ila afisa alikuwa amevaa kofia kama ya askari.

Barua ilikuja kwa Kiingereza. Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini nyumbani kwetu ndimi msomaji. Nikapitisha kidole. Nikaona jina lake, nikaona mti mmoja, nikaona "cut back". Cut ni kata. Back ni nyuma.

"Wamesema ukate mti wa nyuma," nikamwambia.

Alicheka, mara ya kwanza tangu Susu aanguke. Akampigia simu Mugo, fundi wa msumeno wa injini kutoka Kariobangi, aje Jumamosi.

Ijumaa jioni nilikuwa naanua nguo, nikamwonyesha barua jirani yetu Auntie Eve, ambaye ni karani mjini. Nilitaka aone kwamba tumepewa kibali. Akaisoma, akarudia.

"Ndinda, hii si kuangusha. Wanasema mpunguze matawi. Na hapa chini wameandika, shina lisiguswe."

"Na likiguswa?"

"Hiyo ni korti, mamaa. Faini ama ndani. Mwambie babu yako leo."

Sikumwambia. Nilimkuta akimlisha Susu uji. "Kesho utaona jua, Syombua," alikuwa akisema. Nikisema, mti utabaki, na chini yake amelala Susu. Nikinyamaza, Umau atarudi seli na miaka yake sabini na moja. Kila upande ulikuwa na mtu wangu. Nikaosha vyombo.

Mugo alifika saa mbili asubuhi na mashine begani. "Niaje, mzee. Huu nitaulaza kama mtoto."

"Uulaze mbali na dirisha."

"Wewe tulia. Kwa hizi mbao utachonga twiga mpaka watalii waishe. Lakini barua iko? Mimi bila barua siwashi. Kanjo walinichukulia mashine pale Umoja."

Umau akapigapiga mfuko wa shati. "Iko. Mjukuu wangu ameisoma."

Mugo akavuta kamba, injini ikanguruma. Nilisema kitu, hata mimi sikujisikia. Nikatembea hadi kwenye mti, nikaweka kiganja pale ambapo Mugo alikuwa ametia alama ya chaki.

Akazima. "We msichana, unataka nikukate mkono?"

"Umau, nilisoma vibaya," nikasema. "Ni matawi tu. Shina wamekataza."

Umau akaitoa barua, akaishika mbele ya macho kama mtu anayejua kusoma. Akaikunja tena.

"Ulijua lini?"

"Jana."

Nilingoja kofi. Halikuja. Alitazama barabarani, kushoto, kulia, kisha akasema, "Mugo, toa matawi. Ya upande wa dirisha."

Saa sita matawi yalikuwa chini. Shina lilibaki limeinama vilevile. Umau na Mugo wakatoa viti nje, wakambeba Susu na kitanda chake mpaka sebuleni.

"Mnanipeleka wapi?"

"Mbele," Umau akasema.

"Kwani nyuma kuna nini?"

"Kuna barua."

Jumapili baada ya kanisa tuliandika ombi jipya, kwa Kiswahili, nisikosee tena. Umau alisema, mimi nikaandika. "Andika mti unalia kama debe. Andika afisa aje augonge mwenyewe, nyundo nitampa. Kofia aache nyumbani." Akafikiri. "Hiyo ya kofia usiandike."

Leo Jumatatu Auntie Eve ameondoka na ombi kwa mkoba wake. Mawingu yamekaa meusi upande wa Kariobangi. Umau ametoka na nyundo kama kawaida, nami nimemfuata. Majani ya upande huu hayapo tena, na sauti ya chini imetoka wazi, tupu kabisa, ikapita ukutani mpaka ndani.

"Nani huyo anabisha hodi?" Susu akauliza kutoka sebuleni.

Umau amesimama na nyundo juu. Anayatazama mawingu.