Paa la Gari na Jua la Kibla

Sitajitia unyenyekevu nisio nao. Paa la gari-nyumba nalijua mimi. Johannesburg hii ina mafundi wa kila aina, wa injini, wa rangi, wa vioo, lakini ukitaka mtu wa kupanda juu ya gari lenye vitanda na jiko ndani, akalikagua paa lake kama daktari anavyokagua ulimi, nitafute mimi. Wenzangu tunaoswali nao Mayfair wananicheka. Wanasema mtu katoka Tanga yote ile kuja kuosha vichwa vya magari. Zamani nilikuwa nakasirika, kwa maana hasira ninazo na ziko karibu. Siku hizi nawaacha wacheke mpaka wachoke, halafu nawasimulia habari ya paa moja.

Yadi ninayofanyia kazi iko Malvern, nyuma kidogo ya Jules Street. Wenye magari ya kusafiria huyaleta pale kuyalaza miezi wasiyosafiri, maana majumbani kwao hayapiti getini. Mwenye yadi ni mzee mmoja mzaliwa wa mji huu, mchache wa maneno. Getini yuko mlinzi, Mkongomani wa Lubumbashi, na maneno yote anayopungukiwa mzee yeye anayo. Mimi kazi yangu ni magari yenyewe: kuosha, kuziba panapovuja, kupaka rangi.

Mwezi wa pili, mvua zikiwa bado zinapiga kila alasiri, alikuja mama mmoja mtu mzima. Gari lake lilikuwa likilazwa kwenye kona ya yadi tangu kabla sijaajiriwa. Aliyekuwa akija kulitunza ni mumewe, na mumewe alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Mama alifungua mlango, akaingia, akatoka uso umemshuka. Darini juu ya kitanda palikuwa na doa la maji, kubwa, la rangi ya chai.

Nikaweka ngazi nikapanda. Paa zima la nyuma lilikuwa limeota kuvumwani, ule uoto wa kijani wenye manyoya unaopenda penye unyevu, mnene kama zulia la sebuleni. Ulikuwa umejipenyeza chini ya gundi inayoziba kingo za kidirisha cha paa, ukaibandua, na maji yakapata njia.

Nilipomweleza, mama hakuuliza itachukua siku ngapi wala nini. Alisema, "Kila Desemba tulikwenda baharini na gari hili. Mwaka huu nataka kwenda peke yangu, kabla woga haujaniingia. Lakini siwezi kulala nikitazama dari na kusubiri tone. Likivuja tena, naliuza, na habari ya safari iishe."

Nikamjibu, tena kwa sauti ya mtu anayejiamini kupita kiasi, "Mama, niachie mimi. Hicho kijani hakirudi."

Kazi niliifanya kwa heshima yake. Fundi aliyenitangulia pale yadini alikuwa na tabia ya kupiga mapaa kwa pampu ya maji ya nguvu. Inapendeza kutazama, uchafu unaruka huku na huku, lakini maji yale yanaingia kwenye kila mshono, na gari linaoza ndani likiwa linang'aa nje. Mimi pampu siigusi. Wala siweki dawa kali za kung'arishia nguo, maana zinakula mpira wa paa. Kwanza nasubiri kijani kikauke, nakibandua polepole kwa mwiko wa mbao. Halafu maji ya vuguvugu na sabuni laini, na nasugua kwa makumbi ya nazi, kama mama yangu alivyosugua masufuria. Makumbi nawekewa na Mpemba mmoja anayeuza nazi Mayfair. Alidhani nayachoma. Nilipomwambia nasugulia magari ya wazungu, alicheka mpaka akakaa chini.

Nilisugua siku mbili. Nikakausha, nikapaka dawa nyepesi ya kuua mizizi, nikakwangua gundi yote ya zamani, nikaweka mpya. Paa likarudi jeupe.

Kilichobaki ni kuzuia kijani kisirudi, na hapo ndipo nilipojifanya mjuzi. Ng'ambo ya gari, hatua kama sita hivi, ulisimama mjakaranda mkubwa. Kwetu ukuta ukiota kijani unatafuta mti ulio karibu, unaupunguza, jua linaingia, mambo yanakwisha. Nikamwambia mzee kivuli cha mti ule ndicho kinachotuharibia. Akauliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika kama navyojua jina langu. Alikubali shingo upande. Mti ukakatwa kwa siku moja, na kisiki kikang'olewa.

Mlinzi hakunisemesha wiki nzima. Chini ya mjakaranda ule ndipo alipokuwa akila chakula chake cha mchana miaka yote.

Mwezi wa tano mama akaja kulitazama gari. Nilimpokea getini kifua mbele, nikamshikia ngazi, akapanda vijiti vitatu vinne, akachungulia. Nikapanda upande wa pili nione anachokitazama. Pembezoni mwa kidirisha, kwenye gundi yangu mpya, palikuwa na uzi wa kijani, mwembamba, mzima wa afya.

"Ulisema hakirudi," akasema. Hakugomba. Ningependa angegomba. Alishuka, akavua miwani, akaifuta na upindo wa sweta lake. "Labda ni bora niweke tangazo la kuliuza."

Nikamwomba anipe mpaka mvua za kwanza. Paa likiingiza maji au likiota kijani, aliuze, na mimi mwenyewe nitamtafutia mnunuzi. Alikubali, ila nilimwona jinsi alivyolitazama gari kabla ya kuondoka, kama mtu anayeaga. Kusema kweli niliumia. Kukosea kazi kunaniuma siku zote, lakini safari hii nilikuwa nimemchukulia mtu safari yake mkononi na nikaiangusha.

Mlinzi naye alikuwa amesikia kila kitu. "Papa," akaniambia, "muti haiko tena, na majani ya kijani iko. Sasa utakata nini? Utakata miye?"

Nilikipangusa kile kijani, nikalizunguka gari asubuhi na jioni kama niliyepoteza ufunguo. Mabomba nilikagua, hakuna linalovuja. Gundi niliikagua, haikuwa na kosa.

Kwa kawaida adhuhuri naswalia stoo. Siku moja katikati ya mwezi wa sita stoo ilikuwa imejaa makopo ya rangi yaliyoletwa asubuhi, pakawa hakuna pa kutandika mkeka. Nikautandika nje, katikati ya yadi, nikaelekea kibla, kaskazini. Nilipoinua mikono kufunga sala, jua likanipiga machoni.

Mungu anisamehe, akili ilitoka kwenye sala palepale. Adhuhuri kwetu Tanga jua linakaa utosini. Unasimama na kivuli chako kimejikunja miguuni, na mti uwe kushoto au kulia, mbele au nyuma, saa ile hauna la kukufanya. Miaka tisa nimeishi Johannesburg, nimeswali msikitini chini ya paa na stoo chini ya bati, nisijue kwamba huku wakati wa baridi jua la mchana linakaa kibla. Liko mbele ya anayeswali, tena chini, mbali na utosi. Na kama liko kibla, basi kivuli cha kila kitu kinaangukia nyuma.

Nilirudia ile sala tangu mwanzo. Nilipotoa salamu nilibaki nimekaa palepale, natazama. Upande wa kibla wa yadi kuna ukuta wa bohari la jirani, wa ghorofa mbili. Kivuli chake kilikuwa kimetambaa mpaka kikalifunika gari la mama lote, kuanzia magurudumu mpaka kidirisha cha paa. Ilikuwa saa saba kasoro, na umande wa alfajiri ulikuwa bado haujakauka kwenye bati la ubavu wake. Mjakaranda ulikuwa upande ule mwingine. Kivuli chake kilikuwa kikienda kwingine kabisa, na matawi yake hayakulifikia gari. Nilikuwa nimekata mti usio na hatia.

Niliwaza kunyamaza, sitaficha. Ningelisogeza gari moja kimyakimya, nikaonekana fundi, na mti ungebaki na lawama zake. Lakini chini ya ukuta ule yalikuwa yamelala magari manane, la mama likiwamo, na yote yalikuwa njiani kuota kijani. Kuyahamisha yote lazima mzee aulize kwa nini. Basi nikamfuata ofisini, nikamwomba atoke nje. Nikamsimamisha juu ya mkeka wangu na viatu vyake, nikamwelekeza uso kibla, nikamwambia, "Tazama jua lilipo. Halafu tazama kivuli cha ukuta. Mti haukuhusika, mzee. Nilikosea mimi." Mdomo wangu haujazoea neno lile, na nilihisi masikio yakiwaka moto.

Mzee akatazama jua, akatazama ukuta, akayatazama magari manane moja baada ya jingine. "Miaka yote hii," akasema, "na mimi nimezaliwa hapa."

Mlinzi alikuwa amekwisha fika, hakosi jambo. "Eish, papa! Kumbe ule muti haikukuwa na kosa! Ulimukata bure! Miye nakulaka chakula ku jua shauri ya weye!"

"Nisamehe, ndugu yangu," nikamwambia.

"Utaleta parapluie kubwa," akasema, "ya kukaa watu wane, na chakula ya leo unalipa weye." Nililipa, na Jumamosi nikaleta mwavuli mkubwa wa bustani. Anausifu mpaka leo, ingawa kila akiufungua lazima anitazame.

Tuliyahamisha magari yote manane kuyapeleka upande wa pili, mahali ambapo jua la baridi linafika tangu asubuhi. La mama nililiweka katikati, pasipo ukuta wala kona. Nikaingiza vipande vya ubao chini ya magurudumu ya mbele, liinuke kidogo tu, maji yatiririke nyuma yasituame kwenye kidirisha. Nikalisugua upya, nikaliziba upya. Kila Ijumaa kabla ya kwenda Mayfair nilipanda na kitambaa kikavu, nikaondoa majani na vumbi. Hakuna aliyeniagiza.

Mvua za kwanza zilikuja kwa ghadhabu kama kawaida ya hapa, radi moja inaifuata nyingine, na mvua ya mawe juu yake. Mzee na mlinzi walikimbilia ofisini. Mimi nilikimbilia ndani ya gari la mama, nikalala kitandani mwake chali, viatu mkononi, macho darini. Mawe yalipiga paa mpaka sikuweza kusikia pumzi yangu. Nikahesabu pembe nne za kidirisha, nikarudia, nikarudia. Halikuja tone. Nilicheka peke yangu mle ndani kama mwehu.

Mama alikuja Desemba, asubuhi, na begi moja na kikapu. Aliiegesha ngazi mwenyewe, akapanda mpaka juu, akatoa leso nyeupe na kuipitisha pembezoni mwa kidirisha, pande zote nne, bila haraka. Akaitazama leso. Akashuka, akaingia ndani, akajilaza kitandani kama nilivyojilaza mimi siku ya mvua. Kisha nikamsikia anasema, bila kuinuka, "Mume wangu alikuwa analipiga paa hili kwa pampu. Nilimwambia asifanye hivyo. Hakunisikia."

"Wengi hawasikii, mama," nikasema nikiwa mlangoni.

"Nikirudi nataka liwekwe hapahapa."

"Hapahapa, mama. Hapana mwingine atakayepakalia."

Akawasha gari. Halikuwa jepesi kwake, niliona mikono ilivyoushika usukani, lakini alilitoa getini bila kugusa nguzo, akakata kona kuelekea Jules Street. Mlinzi akampigia saluti. Mimi nikaikimbilia ngazi niliyokuwa nimeiegemeza ukutani karibu na geti, nikapanda mpaka kijiti cha juu kabisa. Gari lilisimama kwenye robot, taa za barabarani wanavyoziita huku, katikati ya teksi na malori, na kati ya yote yaliyokuwa barabarani mimi nilikuwa natazama paa moja, jeupe, kavu, linakwenda baharini.

"Papa, unatafuta nini kule juu?" mlinzi akaita.

"Sitafuti kitu," nikamwambia. "Natazama kazi yangu."