Jaza Maji Ndani Kwanza, Ndipo Tuongee Bei

Saa mbili kasorobo asubuhi, kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, inaingia kinyumenyume kwenye yadi moja ya Mikocheni. Imebeba madumu ishirini na tano ya maji, mzee mmoja aliyenyamaza na mwanamke mmoja aliyekasirika.

Mwanamke anaitwa Mauwa Nassibu, ana miaka 43, mkazi wa Ununio, na hasira zake hazijaanza leo. Zina mwaka na miezi miwili. Anashuka, anakaza kanga kiunoni na kuanza kushusha madumu kabla hata dereva hajazima injini.

"Mama, maji ya nini tena?" anauliza Anselmo, dalali wa boti zilizotumika. Amevaa raba nyeupe ambazo hazijawahi kuonja chumvi.

"Ya kuijaza boti yako."

"Mama yangu, maji ya boti yanakaaga nje. Yakiingia ndani hiyo inaitwa ajali."

Mlinzi wa getini anacheka. Mauwa hacheki.

"Hiyo ajali mie nishaipata, kijana. Leo nataka itokee nchi kavu, na wewe ukiwepo."

Mauwa anavua kamba na mkizi kwenye maji ya kina kifupi, pembeni ya mikoko ya Mbweni, mahali ambapo bahari ikipwa inabaki ya kufika magotini. Kwa boti ya mbao, hapo ni mtego. Maji yanatoka, boti inakaa kwenye tope kama kiboko, na nyie mnakaa nayo saa sita mkisubiri maji yarudi, samaki wakioza.

Boti ya alumini, ambayo wenyewe wanaiita boti ya bati, ni nyepesi na tumbo lake haliingii sana majini. Watu wawili wanashuka, wanaisukuma juu ya tope, wanaondoka. Ikikwaruza mwamba inabonyea tu. Mwenye boti kama hiyo, anasema Mauwa, anaweza kulala na Sh60,000 baada ya kutoa mafuta. Yeye kwa sasa anatembea kwa miguu na kimia, wavu wa kurusha, begani, tope mpaka mapajani, na siku ikiwa nzuri anapata Sh12,000.

"Nikikanyaga samaki taa nachomwa mwiba, napumzika wiki nzima," anasema. "Hiyo ndiyo likizo yangu."

Leo amekuja na pesa ambayo si yake peke yake. Nusu imetoka kwa Jovina, muuza kamba wa Mwenge ambaye ndiye mteja wake mkubwa. Jovina alimkabidhi juzi, akamwambia maneno machache: "Da Mauwa, mie hii ndiyo ya mwisho. Ikivuja na hii, usije na stori. Nenda kakaange mihogo."

Neno zito hapo ni "na hii". Kwa sababu kuna iliyotangulia.

Mwaka jana Mauwa alinunua boti ya bati kwa Sh4.2 milioni, kwa dalali mwingine huko Temeke. Hakwenda peke yake. Alikwenda na mjomba wake, Mzee Twalib Mbwana, ndiye huyu aliyekuja leo kwenye kirikuu. Ana miaka 66 na ameunda na kukarabati boti za mbao tangu hajaota ndevu. Ununio nzima, ukitaka kununua chombo unamchukua Mzee Twalib, kama vile anayetaka kuposa anavyochukua wazee.

Boti ilipoteremshwa majini kujaribiwa, ikavuja. Si sana, ila sakafu ililowa. Dalali hakutikisika. Aliwaambia: "Iacheni inywe maji siku mbili tatu, itafumba."

Mzee Twalib akatikisa kichwa kukubali. Na hapa inabidi aeleweke. Boti ya mbao ikikaa juani inakauka, mbao zinaachana. Ukiishusha majini siku ya kwanza inavuja, siku ya pili inavuja kidogo, siku ya tatu mbao zimevimba, zimebanana, imekauka ndani. Kila mtoto wa Ununio anajua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Chombo kipya lazima kinywe maji. Dalali yule alijua anaongea na nani, akachagua maneno kama mtu anayechagua nyanya.

Ila bati halivimbi.

"Na mie nilijua," anasema Mauwa, na hapa sauti yake inashuka badala ya kupanda. "Ndiyo kinachoniuma. Nimepika miaka kumi na tisa. Sufuria ikitoboka, ukaiacha na maji usiku kucha, asubuhi unakuta imefumba? Unakuta sufuria tupu na jiko limezimika. Nikasema palepale. Wanaume saba walikuwepo, wakacheka. Wakaniambia, Mauwa, tunanunua boti hapa, hatununui sufuria. Nikanyamaza. Nikatoa pesa. Mdomo wangu mwenyewe nikaufunga."

Siku ya tatu boti haikufumba. Ya nne, maji yakafika kwenye vifundo vya miguu. Mauwa akaipeleka kwa fundi wa masufuria Tegeta. Fundi akasema tundu ni kubwa, linataka kiraka cha bati zito. Mauwa akarudi nyumbani, akachukua mfuniko wa sufuria kubwa ya pilau, ile aliyotunzwa siku ya harusi yake, akaukabidhi. Ukagongwa chini ya tumbo la boti kwa misumari tisa ya ribiti, kwa duara.

Kiraka kwa wakati huo kilishika. Kilichoachia ni ubao wa nyuma wa kufungia injini. Juu ulikuwa umefunikwa bati zuri linalong'aa, ndani umeoza kama keki iliyonyeshewa. Siku moja Mauwa na mjomba wake wakiwa mbele ya mikoko, injini iling'oka na kipande cha ubao ikazama kwenye tope. Waliichimba kwa mikono, na Mzee Twalib akaikoa kwa kuiosha na maji baridi na dizeli. Halafu wakaisukuma boti hadi nyumbani, kilomita mbili, wakiwa ndani ya maji.

Dalali wa Temeke akawa hapatikani kwenye simu. Boti Mauwa akaiuza kwa mnunua vyuma chakavu, kilo tisini, akapewa Sh360,000.

"Watu wakaanza kuniita Mama Sufuria," anasema. "Wale wale saba."

Yadini Mikocheni, Anselmo anafunua turubai kwa madaha kama anayefunua bibi harusi. Chini yake ipo boti ya buluu iliyokolea, inawaka, imekaa juu ya magogo.

"Sh5.8 milioni, na kwa vile ni wewe tutaongea. Imetoka nje moja kwa moja, haijaguswa na mtu nchi hii. Mzee, shikamoo, hebu pitisha mkono hapa. Nyororo au si nyororo?"

"Marahaba," anajibu Mzee Twalib, na mkono hapitishi. Anachukua dumu la kwanza.

Wanajaza. Dumu la pili, la tano, la nane. Anselmo anazunguka akieleza kwamba huko ilikotoka watu hawafanyi mambo haya, kwamba rangi itaharibika, kwamba wateja wastaarabu wanaangalia kwa macho. Mauwa anamimina tu. Nguo zimemlowa mpaka kifuani.

Dumu la kumi na moja, Mzee Twalib anapiga magoti na kuingia chini ya boti. Anakaa huko kitambo. Kisha anaita, si kwa sauti kubwa.

"Mauwa. Njoo."

Chini ya tumbo la boti rangi imefura kama lengelenge, na kwenye ukingo wa lengelenge tone linavimba, linadondoka, linafuata jingine. Mzee Twalib anakwangua kwa ukucha. Rangi inabanduka kwa vipande. Chini yake kuna ribiti. Anakwangua tena. Ribiti tisa, zimekaa kwa duara, upana wa mfuniko wa sufuria ya pilau.

Mauwa anautazama mfuniko wake.

Anapotoka chini, anafuta mikono kwenye kanga na kumkabili Anselmo.

"Haijaguswa na mtu nchi hii?"

"Mama, ndivyo nilivyoambiwa."

"Hiyo boti nimeilalia njaa. Hicho kiraka ni mfuniko wa sufuria ya harusi yangu. Nimeiuza kwa kilo ikakatwe, leo unanirudishia kwa milioni tano na laki nane?"

"Wallahi, mama, hata mie nimeuziwa."

"Basi tumeuziwa wote. Ila mie sikuipaka rangi."

Mlinzi wa getini safari hii anatazama ukutani.

Mauwa hajamaliza. Kinachomchemsha, anasema, si Anselmo peke yake. Ni mnyororo mzima: anayeuza chuma chakavu kama chombo, anayeziba ubao uliooza kwa bati jipya, anayepiga rangi juu ya tundu akijua kuna mtu atalibeba hadi baharini.

"Pikipiki mbovu ikikuangusha, uko barabarani, watu watakuokota," anasema. "Boti mbovu, nani anakuokota? Mkizi? Mjomba wangu hapa ana miaka sitini na sita, angekuwa kina kirefu siku ile ningewaambia nini watoto wake? Kwamba rangi ilikuwa nzuri?"

Anageuka aondoke. Ndipo anaiona nyingine, nyuma kabisa, imelala kwenye majani na kuku wawili ndani. Haina rangi hata chembe. Ina mibonyeo ubavuni, na ribiti zote zinaonekana kama meno ya mtu anayecheka.

"Ile mbaya, mama," anasema Anselmo kwa unyonge. "Nilitaka niipige rangi wiki ijayo."

"Usithubutu."

Kuku wanafukuzwa. Safari hii hakuna anayeharakisha. Mauwa anagonga ubao wa nyuma kwa ufunguo, juu mpaka chini, akisikiliza kama anapima nazi. Mlio ni mkavu. Yeye na mjomba wake wanainyanyua omo, upande wa mbele. Inanyanyuka, maana yake sponji ya chini ya sakafu, ile inayoisaidia boti kuelea, haijafyonza maji, kwani ikifyonza boti huwa nzito kama ya mbao. Kisha wanaiburuta juu ya magogo, wanayachota maji kutoka kwenye ile ya buluu, ndoo kwa ndoo, na kuyahamishia huku. Anselmo, bila kuambiwa, anavua raba na kushika ndoo.

Inajaa. Mauwa anakaa juu ya dumu tupu, juani, akiwa na pesa ya Jovina ndani ya kanga, na anasubiri saa nzima.

Saa nne unusu Mzee Twalib anaingia chini tena. Anapitisha kiganja kutoka omo hadi tezi huko nyuma, polepole, kila ribiti. Anatoka na kumfungulia mpwa wake mkono. Kiganja kimejaa vumbi.

"Kavu," anasema.

Bei inafika Sh3.9 milioni bila kelele. Kuna leseni ya kushughulikia, na Mauwa amepanga safari ya kwanza Mbweni mara tu ikitoka, maji yakipwa. Habari zimeshafika Ununio, na wavuvi wawili wameshampigia simu wakitaka awasindikize kununua boti zao. Amekubali, ila madumu watalipia wenyewe.

Anselmo, akivaa raba zake zilizolowa, anauliza kama wamwite fundi wa rangi, angalau waiandike jina ubavuni.

"Jina tu," anasema Mauwa. "Hata tone moja lisizidi."

"Tuandike nani?"

Mauwa anafikiri. Anayejibu ni Mzee Twalib, akiwa ameinama anakaza kamba ya boti kwenye kirikuu, uso kausitiri.

"Andika Sufuria."