Nani Amemaliza Mayai Yangu

Mpaka leo nina hasira, na wa kukasirikiwa ni mimi mwenyewe. Hapa Kasongo nafuga samaki sebuleni, ndani ya sanduku la kioo, aina zote pamoja. Mwezi uliopita samaki jike mmoja alitaga mayai juu ya jiwe, nikafurahi kama niliyepata wajukuu. Kesho yake jiwe lilikuwa tupu. Baada ya siku kama saba akataga tena, na asubuhi nikakuta yamebaki machache.

Siku hizo mama mukwe alikuwa amefika kutoka Wamaza, na yeye hawezi kuona kitu kina utando asikipanguse. Nikajua ni yeye aliyeyapangusa. Kwa heshima sikuweza kumuuliza uso kwa uso, basi nikasimama uani, nikapaza sauti kama mpumbavu:

“Nani amemaliza mayai yangu?”

Majirani wote walisikia. Mama mukwe, ambaye tangu nimuoe binti yake hajawahi kula hata tonge mbele yangu, akatoka na mfuko wake kichwani. Akamwambia mke wangu, “Mwambie bwana yako, mimi sikukula mayai ya kuku zake.”

“Si ya kuku, ni ya samaki,” nikafoka. “Ingieni wote muone alichofanya.”

Wakaingia. Juu ya jiwe, samaki jike yuleyule alikuwa anayameza mayai yake, moja moja, bila haraka.

Mama mukwe alitazama mpaka la mwisho. Kisha akamgeukia binti yake.

“Mwambie amutukane huyu sasa. Huyu hana ukwe naye.”