Aliyemnyoa Kinyozi

Kwanza yafutwe yale yanayosemwa kwenye foleni ya bomba. Kinyozi wa nyuma ya soko hakuwa mlevi. Hakukamatwa kwa wizi, wala hakumpiga mtu. Na mkewe hakuchelewesha maziko kwa kiburi cha kusoma, kama anavyotangaza yule mama muuza mkaa kila anapopata sikio la kumsikiliza. Mwili ulikaa mochwari kwa sababu kulikuwa na swali moja, na wenye jibu hawakutaka kulitoa. Anayependa maneno kuliko ukweli aishie hapa. Yaliyobaki hayatamnogea.

Watu walimwita Kioo. Alipomaliza kichwa cha mteja hakuuliza kama amependa. Alikigeuza kiti kikaelekea kioo cha ukutani, akakunja mikono na kusema, "Haya, gombana na huyo." Hakuna aliyewahi kugombana.

Mkewe alikuwa mwalimu wa sekondari. Alipoolewa, shangazi zake walimweka kati: umesoma kote huko uje kuangukia kwa mkata nywele? Akawajibu kwamba kwa vichwa alivyovikuta kwenye ukoo ule, mtu wa namna hiyo alihitajika haraka. Wakanuna mwaka mzima. Kioo aliposimuliwa alicheka mpaka akaweka mashine chini.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili, kimoja chake na kimoja cha mdogo wake. Ukutani palikuwa na benchi refu la mbao, limeng'aa kwa kukaliwa. Ukiingia unakaa mwisho wa benchi, wa mbele akiondoka unasogea, mpaka zamu yako ifike. Hapakuwa na njia nyingine ya kukifikia kiti. Meneja wa benki alisogea, na msukuma mkokoteni alisogea. Jumapili, duka likiwa limefungwa, ndugu hao wawili walinyoana wenyewe kwa wenyewe. Kioo hakuruhusu mkono mwingine. "Kichwa changu si daftari la kujifunzia," alikuwa akisema.

Siku aliyokamatwa benchi lilikuwa limejaa. Askari mmoja kijana wa kituo cha jirani aliingia, akawaruka wote na kwenda moja kwa moja kitini.

"Afande, benchi," Kioo alimwambia.

"Nina haraka, mzee."

"Hata huyu ana haraka," Kioo akasema, akimwonyesha msukuma mkokoteni, "na mkokoteni wake unakula jua. Sogea naye taratibu."

Watu wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichompeleka Kioo mahabusu, si pombe. Askari alitoka na kurudi na wenzake, wakamchukua na aproni yake kiunoni. Kosa, wakasema, ni kumtukana ofisa akiwa kazini. Mkewe alipofika kituoni jioni na sweta, walipokea sweta na kumnyima kumwona. Asubuhi wakampigia simu kwamba moyo wa mumewe umesimama usingizini. Sweta lilirudishwa likiwa limekunjwa vile vile alivyolikunja yeye.

Mochwari alikwenda na shemeji yake, yule mdogo wa marehemu. Mhudumu alipofunua shuka, mwalimu hakulia. Alitazama kichwa. Kioo alikuwa ameondoka nyumbani na nywele zake fupi, zenye mvi mbili tatu na mstari ulionyooka juu ya paji. Sasa alikuwa na kipara cha mabakabaka, vishungi vimebaki hapa na pale, na nyuma ya sikio la kushoto plasta.

"Nani amemnyoa?" akauliza.

"Sisi hatunyoi, mama. Tumempokea hivi hivi."

Akageuka kumtazama shemeji. Shemeji alikuwa anatazama sakafu.

Wakaenda kituoni. Mkuu wa kituo hakumkaribisha kukaa, kwa hiyo alivuta kiti mwenyewe.

"Mume wangu aliingia kwenu ana nywele. Nani alimnyoa?"

"Mama, pole sana. Lakini mume wako amekufa kwa moyo, hakufa kwa nywele."

Askari aliyesimama mlangoni akacheka puani.

"Sijauliza kilichomuua. Hilo ataniambia daktari. Nimeuliza nani alimnyoa."

Mkuu akahamisha macho. "Muulize shemeji yako. Alikuja jioni ile kumwona, akamnyoa mwenyewe. Wembe ukamkwaruza kidogo nyuma ya sikio. Au sivyo, fundi?"

Shemeji akasema, "Ndivyo, afande."

"Mke alinyimwa hata kumchungulia," mwalimu akasema, "halafu ndugu akaruhusiwa kuingia na wembe? Kituo gani hiki kinachowapelekea mahabusu wembe?"

"Mwalimu, hapa si darasani."

"Naona. Darasani kwangu anayesema uongo husimama."

Walitolewa nje, na si kwa adabu.

Daktari wa hospitali kuu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alikubali kuupasua mwili na kuuchunguza. Lakini alitaka mke na ndugu wa damu waseme neno moja, kwa sababu polisi walikwisha kumwambia kwamba ndugu mwenyewe amekiri ule mkwaruzo ni wake. Bila shemeji, hakuna uchunguzi. Na shemeji alikuwa anataka kuzika.

"Shemeji, tumpumzishe," akamwambia nyumbani. "Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba unamweka marehemu kwenye baridi ili wewe uonekane."

"Waliosema wana majina?"

Hakuwa na haja ya kuwataja. Sauti ya muuza mkaa ilikuwa inasikika hapo hapo uani, ikiwaeleza waombolezaji jinsi pombe inavyoharibu moyo.

Mwalimu alijua shemeji si mtu mbaya. Ana watoto, na duka lao liko hatua chache kutoka geti la kituo. Hakumkaripia. "Sawa," akasema. "Kesho tunazika. Lakini kwanza twende tukamwone." Kisha akatoka uani. "Na wewe mama wa mkaa, twende. Usije ukapungukiwa na habari."

Muuza mkaa akaukaza mtandio kichwani na kutangulia mbele. Msukuma mkokoteni naye akajiunga bila kuitwa.

Pale mochwari daktari alikuwa anasubiri. Shuka likafunuliwa.

"Shemeji," mwalimu akasema kwa sauti ya kawaida, "wateja wako hawa hapa. Waambie tu kwamba hii ni kazi ya mkono wako, tukazike."

Mkono wa shemeji ulikwenda wenyewe kichwani kwa kaka yake, kidole gumba kikapita kwenye vishungi, kikashuka hadi shingoni ambako mstari ulikuwa umepinda kama njia ya mbuzi. Muuza mkaa akasogea, akainamisha kichwa upande, akaguna.

"Mh! Hivi ndivyo unavyonyoa? Basi wanangu nitawapeleka kwingine."

"Mimi?" Shemeji aligeuka kama aliyepigwa kofi. "Mimi ninyoe hivi? Huyu amekwanguliwa kama sufuria iliyoungua! Aliyefanya hivi hajawahi kushika kichwa cha mtu maishani mwake!"

"Lakini ulisema ni wewe," msukuma mkokoteni akamkumbusha, polepole.

"Nilisema! Waliniambia nikikataa, kiti changu kitakuwa barabarani na mimi nitakuwa mle ndani." Sasa machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. "Sikukanyaga kituoni jioni ile. Na kaka yangu sijawahi kumkwaruza. Hata mara moja. Daktari, mpasue."

Mwalimu akamshika begani. Ilikuwa mara ya kwanza kumshika mtu tangu msiba uanze.

Chini ya plasta palikuwa na jeraha dogo, na chini ya jeraha mfupa ulikuwa umepasuka. Nywele ziliondolewa kwa sababu zilikuwa zimeganda damu. Mkuu wa kituo alipoletewa habari alisema tena habari ya wembe. "Wembe hauvunji fuvu," daktari akamjibu, na mwalimu akamwomba aseme hivyo tena, mbele ya wote, polepole.

Kioo alizikwa baada ya hapo, kwa heshima yake. Mstari wa shingo alirekebishiwa na mdogo wake, mlango ukiwa umefungwa. Kesi iko kwa jaji. Mkuu wa kituo amehamishwa, jambo ambalo wengine wanaliita adhabu, na mwalimu analiita nauli. Duka liko wazi, na benchi bado linasogea.

Juzi muuza mkaa alibisha hodi, amemleta mtu wa gazeti. "Mwalimu, msimulie basi. Si unajua vizuri ilivyokuwa? Na wewe ulijisikiaje pale…"

Mwalimu alisimama mlangoni, hakuwakaribisha ndani.

"Niliuliza swali moja. Aliyemnyoa mume wangu anajijua, na atalijibu akiwa amesimama. Mengine ni ya nyumba hii. Sina la kuongeza."

Akafunga mlango.