Kisanduku cha Idadi

Kazi yangu ni kutengeneza programu za simu bila kuandika msimbo. Naburuta visanduku kwenye kompyuta, navipanga, naviambia kipi kifuate kipi. Watu wakisikia hivyo hudhani ni kazi ya jioni moja. Kazi yenyewe iko kwenye kikao cha kwanza, pale mteja anapotaka kila kitu duniani nami namkatia, namkatia, hadi tubaki na ukurasa mmoja. Ukurasa huo nauita karatasi ya mipaka. Kisichoandikwa humo sikitengenezi, na mteja akinuna, anune.

Mteja wa safari hiyo alikuwa daktari wa mifugo, mtu wa bara, ambaye hakuwa amemaliza mwaka Garissa. Alitaka programu ya kuandikisha mbuzi wanaochanjwa dhidi ya homa ya mapafu huko upande wa Bura. Mahitaji yake yalikuwa matatu tu: jina la mwenye mbuzi, mahali, na dozi zilizotumika. Sijawahi kupata mteja mwenye kiasi namna ile. Mimi ndiye niliyeongeza la nne. Chupa ya chanjo ikishafunguliwa lazima itumike siku hiyo hiyo, nikamwambia, basi tuulize kwanza mtu ana mbuzi wangapi, programu itupigie hesabu ya chupa za kufungua. Kisanduku hicho kikiachwa kitupu, isiende mbele. Nikakiwekea nyota nyekundu.

"Na watu watakubali kutaja?" akauliza.

"Daktari, mimi ni wa hapa."

Akatia sahihi. Ni kweli mimi ni wa hapa. Nilizaliwa Garissa mjini, karibu na soko, na mbuzi niliowajua ni wale wanaokula makaratasi barabarani.

Siku ya majaribio tuliondoka mapema na sanduku la barafu. Tulikuwa tumekubaliana, kwa karatasi ya mipaka, kwamba hakuna daftari wala kalamu, programu peke yake. Kwenye boma la kwanza mwanamume alitaja hamsini bila hata kugeuka kuwatazama mbuzi wake. Wa pili naye akasema hamsini. Programu ikakubali, nami nikafurahi kama mjinga.

Boma la tatu lilikuwa la mama mmoja mjane. Alitupokea kwa maziwa, kikombe kimejaa hadi ukingoni, na kila kilicholiwa na wajukuu wake kilitoka kwa mbuzi wale. Kwa jirani yake mbuzi walikuwa wameshaanza kukohoa, kwa hiyo alitungoja tangu alfajiri. Daktari akamuuliza ana mbuzi wangapi.

"Wewe daktari, dawa ni ya mbuzi ama ni ya simu?" akamjibu kwa Kiswahili cha sokoni. "Mbuzi yangu ni mali ya Mungu. Iko hapo, wewe dunga tu."

Nikaingilia kwa Kisomali, nikamwita eeddo, yaani shangazi, nikamweleza habari ya chupa na barafu. Alinisikiliza vizuri hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama mama yangu yu hai. Nikasema yu hai.

"Muulize amezaa wangapi," akasema, "halafu uje uniambie amekujibu nini."

Nilijua jibu. Wakija watu wa zahanati na fomu zao nyumbani kwetu, mama yangu husema, "Wapo, alhamdulillahi," na kuangalia pembeni. Watoto na mifugo hawatajwi kwa idadi. Ukiwataja umewaanika kwa jicho la watu, na umeanza kuwapunguza mwenyewe. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Nilipokaa mbele ya kompyuta lilinitoka kabisa.

Daktari akaninong'oneza, "Si tuandike ya kukisia?"

Hapa ndipo ninapojichukia. Kuibadilisha programu pale pale hakukuwezekana kwa kuwa mtandao haukuwepo, lakini kuandika hamsini nyingine kungechukua muda wa kupepesa jicho. Nikasema data ya uongo sitaki kwenye majaribio yangu. Zile hamsini za uongo za maboma mawili ya kwanza zilikuwa zimeshalala humo ndani, na nilizijua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeona haya, na haya hiyo ikageuka hasira, na hasira nikamtupia mtu aliyekataa kunidanganya.

"Sawa, wewe ndio mwenyeji," akasema daktari, akafunga sanduku la barafu bila kudunga hata mbuzi mmoja. Yule mama hakutusihi. Alirudisha tawi la miiba kwenye mlango wa zizi, akaingia ndani.

Mjini nilikiondoa kile kisanduku kabla chai yangu haijapoa. Kilichochukua muda ni kupata gari tena na chanjo nyingine; zilipita karibu wiki tatu. Daktari hakunilaumu hata siku moja, na afadhali angenilaumu.

Tuliporudi, programu iliuliza dozi baada ya mbuzi kudungwa, kama alivyotaka daktari tangu mwanzo. Yule mama alitukaribisha, akatupatia chai. Ilikuwa ya rangi. Kisha akasimama mlangoni mwa zizi, akawa anawaita mmoja mmoja, kila mbuzi kwa rangi yake na mama yake: mweupe wa sikio jeusi, binti wa yule kilema, mwekundu aliyezaliwa mwisho wa mvua. Aliyeitwa alijipenyeza akaja, daktari akamdunga, nami nikabonyeza simu. Mara nyingine aliita na hakuja yeyote. Alingoja kidogo, mkono ukiwa bado juu ya tawi la miiba, halafu akamwita anayefuata.

Tulimaliza mapema kuliko nilivyotarajia. Sikumuuliza ni wangapi.