Vipande Vilivyovunjika

Miaka ile ya uasi nilifanya kazi katika nyumba ya kukaushia matunda, Butembo. Mananasi yetu yalitoka Mabalako, na wakulima wengine hawakuona shida kupiga dawa ya wadudu hadi karibu na kuvuna. Tunda likikauka maji hutoka, dawa hubaki. Nilichota kidogo katika kila gunia, nikachanganya, nikafunga, dereva wa lori la Beni akapeleka maabara ng'ambo ya mpaka. Vipande vizuri vilikwenda nje. Vilivyovunjika viliuzwa kwa bei rahisi kwa akina mama wa mtaa.

Siku moja patron, bosi wetu, akataka kujua kama vile vilivyovunjika vingewadhuru watoto. Kiasi cha dawa maabara ilishanipa. Nilihitaji kujua mtoto anakula kiasi gani, nikilinganishe na uzito wake. Nilimwuliza rafiki yangu tangu ubatizo, mnunuzi wa kila siku, ambaye pia alinilelea mchana binti yangu wa miaka minne. Kila Jumatatu nilimpelekea unga wa mtoto.

"Banakula kidogo tu, dada," alisema. "Kiganja moya, dimanche, kisha misa."

Nikapiga hesabu ya kiganja kimoja kila Jumapili, nikaandika hakuna hatari, nikatia sahihi. Yeye nimshuku kwa lipi?

Mwezi haukuisha, askari wakafunga barabara, tukaruhusiwa kutoka mapema, saa sita mchana. Kwa rafiki yangu nilimkuta binti yangu kati ya watoto wake saba, wamezunguka beseni la mananasi makavu. Jikoni hapakuwa na moto.

"Njo chakula ya midi, mama," binti yangu alinieleza. "Ya kila siku."

Nilipima sahani yake, nikarudia hesabu kwa uzito wake. Kiwango cha usalama kilipitwa mbali. Nilimgeukia rafiki yangu.

"Juu ya nini ulinidanganya?"

"Ungeandika kweli, patron angekataza kutuuzisha. Ku mashamba hatufike tena. Batoto bangekula nini?"

"Na unga yangu?"

"Inamalizikaka mardi, siku mbili tu. Ulitaka mutoto wako akule peke yake, ba kwangu bamuangalie?"

Sikumsamehe. Mimi wa kuambiwa uongo, tena juu ya mwanangu! Niliandika ripoti mpya siku hiyo hiyo: vipande vilivyovunjika visiuzwe tena.

Kesho yake mchana alikuja getini na beseni, akarudishwa. Binti yangu, ambaye sasa nilikwenda naye kazini, alimpungia mkono. Naye akampungia. Mimi hakunitazama.